UZI: Kodi ya nyumba ndiyo inayoua karakana za wasanii. Tujadili kabla hatujafungua nyingine

Brashi Kavu, Nairobi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna vijana wa Eastlands, wachoraji pamoja na wawili watatu wanaofanya muziki wa majaribio, wanatafuta nyumba ya kukodi. Wanataka vyumba vya nyuma viwe karakana, sebule iwe ya maonyesho, na Jumamosi jioni wapige ule muziki ambao hakuna baa inayoutaka: mlio wa transfoma uliorekodiwa barabarani ukavutwa mpaka ukawa kipande cha dakika ishirini, ngoma za kompyuta zinazokatika pale unapotaka kucheza, filimbi iliyopitishwa kwenye mitambo mpaka haitambuliki. Wameniomba ushauri. Nimeona bora niulete humu, maana wapo watu wa Dar, Kampala na Lubumbashi ambao mambo haya wameyafanya kwa mikono yao.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili mnipinge vizuri. Vipaji tunavyo tele. Tatizo ni kwamba karibu kila nyumba ya wasanii niliyoijua ilisimama juu ya mkataba wa mtu mwingine. Mwenye nyumba akiitaka nyumba yake, au mfadhili akibadilisha mipango, wasanii wanakunja turubai wanaondoka. Kwa hiyo kabla hamjapaka ukuta hata tone la rangi, jibuni haya: mkataba umeandikwa jina la nani? Na mwezi ambao hakuna aliyeuza kitu, kodi inatoka wapi?

Angalieni tulikotoka. Mwaka 1965 Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu kule Kilimanjaro, akiwa na wenzake walifungua jumba la sanaa la Paa ya Paa katikati ya Nairobi. Uhuru ulikuwa bado mbichi, na mchoraji Mwafrika kupata ukuta wa kutundika kazi zake jijini lilikuwa jambo la kubembeleza. Baadaye yeye na mkewe Phillda wakaihamishia Ridgeways, upande wa barabara ya Kiambu, palepale wanapoishi. Mwaka 1997 moto ukateketeza sehemu kubwa ya jengo na kazi nyingi zilizokuwemo. Shirika lililopanga lingefungia hapo. Wao walifagia majivu wakaendelea, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuwaambia watoke.

Sasa mchukue Kuona, taasisi ya udhamini (trust) ya wasanii. Ilianza 1995 ndani ya eneo la Makumbusho ya Taifa, wasanii wakapata mahali pa kufanyia kazi na vifaa. Kituo cha sanaa cha GoDown kilipofunguliwa mwaka 2003 barabara ya Dunga, Industrial Area, Kuona ikahamia huko. Mwaka 2008 ikahama tena kwenda Likoni Close. Kisha ule mfumo wa udhamini ukafika mwisho wake, na mwaka 2017 wasanii waliokuwa kwenye vibanda vile wakaamua kubaki na kuiendesha wenyewe kama Kuona Artists Collective, kila mmoja akitoa kodi ya nafasi yake. Hapo ndipo moyo wangu ulipo. Ukiingia pale unakuta uwanja wa wachongaji umejaa vyuma na mawe, na vibanda vya wachoraji vimepangana pembeni. Wachapaji nao wapo. Dennis Muraguri, aliyejijengea jina akiwa hapo, anachonga ubao kwa patasi mpaka matatu nzima inatokea, maandishi ya ubavuni, taa, manamba mlangoni, halafu anapaka wino na kugandamiza karatasi juu yake, rangi moja baada ya nyingine. Kazi kama ile inataka meza kubwa ambayo hakuna atakayeigusa mpaka wino ukauke. Huwezi kuifanyia kwenye bedsita.

Mfano ulio karibu zaidi na wa hawa vijana ni Brush Tu ya Buruburu. Boniface Maina, Michael Musyoka na David Thuku waliianza 2013 kwenye nyumba ya kawaida ya mtaani. Wamelea wachoraji wengi kuliko taasisi kadhaa zenye lango na mlinzi.

Karibuni.

Kasuku wa Nakuru

Mleta uzi, heshima yako. Ila umerukia kodi wakati swali la kwanza ni nani ataenda huko. Mimi nimeshahudhuria hizo hafla. Wasanii wanaangaliana wao kwa wao, wanne wanatoka ubalozini, mvinyo unamiminwa, kijana mmoja anakuna gitaa kwa koleo, watu wanapiga makofi. Jirani anayeuza maandazi nje hajui kinachoendelea ndani. Kama mtaa hauna haja na nyumba hiyo, kwa nini mtaa uilipie, na kwa nini usikitike ikifungwa?

Jirani wa Lunga Lunga

Kasuku, swali lako ni zuri, na jibu lake liko Mukuru, mtaa wetu wa mabanda hapa Nairobi.

Wajukuu Art Project ilianzishwa na vijana waliokulia hapahapa, kati ya viwanda na mto. Shabu Mwangi ni mmoja wao. Hawakuja kutufanyia mradi, walikuwa majirani waliotafuta pa kuchorea. Watoto walikuja kwanza kuchungulia, kisha wakaanza kufundishwa, na leo mtoto wa hapa akisema anaenda Wajukuu mama yake haulizi huko ni wapi. Muuza maandazi wetu anajua vizuri sana kinachoendelea ndani, kwa sababu mwanawe yumo.

Mwaka 2022 walialikwa documenta, yale maonyesho makubwa ya sanaa ya Kassel, Ujerumani, yanayofanyika kila baada ya miaka mitano. Walifunika mlango wa ukumbi wa documenta Halle kwa mabati yaliyokula kutu, wakatengeneza njia nyembamba yenye giza ambayo kila mgeni alilazimika kuipita. Mtu aliyelipia tikiti yake Ulaya akaingia kwa kuinama kidogo, kama tunavyoingia sisi kwenye vichochoro vyetu. Ndani, Ngugi Waweru alikuwa ametundika visu vilivyonolewa mpaka vikabaki vyembamba kama majani. Ni visu vya jikoni na vya buchani, vile tunavyovijua sote, vilivyolika miaka kwa miaka kwenye jiwe. Hakuna mtu wa Mukuru anayehitaji kuelezwa kile kitu. Kasuku, ukikiona utasimama.

Kwa hiyo sanaa ya kisasa si lazima iwe ya ubalozini. Ikitoka mtaani, mtaa unaitambua.

Mzee wa Ngara

Nilikuwa naenda Paa ya Paa enzi zile iko mjini. Mlikuwa na washairi, wachoraji na watu wa maigizo kwenye chumba kimoja, mnabishana hadi usiku. Muziki ulikuwepo pia. Nyinyi vijana msitenganishe vitu hivi, kwamba huku sanaa ya ukutani na kule muziki. Vilikaa pamoja tangu mwanzo, hata GoDown pale Dunga ulikuta wanadensi, wachoraji na studio ya Ketebul ndani ya lango moja, mahali palipokuwa gudauni la magari. Joy Mboya mwenyewe aliyeiongoza alitokea kwenye muziki. Majengo yale ya zamani yameshavunjwa kupisha jumba jipya. Naombea lile jipya lisiwe ghali kwa kijana asiye na kitu.

Mtoto wa Mburahati, Dar es Salaam

Shikamoo mzee wa Ngara. Wadau wa Nairobi hamjambo.

Naomba niwape upande wa uswahilini. Mnazungumzia muziki ambao baa haziutaki kana kwamba lazima uwe wa watu wachache waliokaa kimya. Kwetu Mburahati ipo Sisso Studio. Ni chumba, kompyuta na spika. Humo ndimo walimopita akina Bamba Pana na Jay Mitta, wakaunda singeli inayokwenda mapigo 200 hadi 300 kwa dakika, wengine wakichukua kipande cha taarabu au mchiriku na kukikimbiza mpaka sauti ya mwimbaji inakuwa kama ya mtoto. Programu ni FruityLoops na VirtualDJ, vitu alivyonavyo kila fundi wa kuweka nyimbo kwenye simu. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, na ghafla wakawa wanaitwa kwenye matamasha ya Ulaya ya muziki wa majaribio, watu wazima wamesimama wameduwaa.

Huku nyumbani muziki uleule ulikuwa unapigwa kwenye vigodoro, barabara imefungwa, kina mama wanacheza mpaka alfajiri. Hakuna aliyeduwaa. Walikuwa wanacheza tu.

Ninachotaka kusema kwa hao vijana wa Eastlands: chumba kidogo chenye kazi ya kila siku kinaishi. Mtu anakuja kurekodi, analipa kidogo, umeme unalipwa. Majaribio yanafanyika katikati ya kazi, saa za usiku mteja akishaondoka. Sisi hatukusubiri barua ya mradi.

Dada wa Mikocheni, Dar es Salaam

Kaka wa Mburahati nakuunga mkono kwa mengi, ila barua ya mradi nayo isidharauliwe.

Nafasi Art Space ipo Mikocheni kwenye eneo la viwanda vidogo tangu 2008. Karakana zake ni makontena ya meli. Wasiofika huwa wanaona picha zake wanafikiri ni mapambo. Ingieni kwenye kontena la chuma saa nane mchana mwezi wa Februari mjue Dar ni nini. Rangi ya mafuta inakuwa laini, jasho linadondokea karatasi, mchoraji anatoa easel nje anafanyia kazi chini ya mti. Lakini ndani ya makontena yale amekaa mchoraji wa Tingatinga anayetaka kutoka kwenye Tingatinga, mchongaji, mpiga picha, mtu wa video, na jukwaa liko hapo uani. Mwanamuziki akifanya mazoezi, wachoraji wanasikia. Hayo mambo mawili kukaa uwanja mmoja yamezaa kazi ambazo zisingezaliwa kila mtu akiwa kwake.

Na ndiyo, fedha za Denmark na Norway zimesaidia sana pale. Sioni aibu kulisema. Serikali zetu ziliwahi kutujengea nini? Swali langu kwa mleta uzi: unataka wasanii wakatae fedha za wafadhili wabaki na nini? Kuchangishana elfu tano tano? Kodi ya Mikocheni ukiichangishana kwa wachoraji unafunga mwezi wa pili.

Brashi Kavu (mleta uzi)

Dada, sijasema wakatae. Nasema fedha ya mfadhili iingie kwenye kitu kinachobaki mfadhili akiondoka. Tumeona fedha nyingi zikiishia kwenye warsha, mabango, tiketi za ndege na ripoti. Mradi wa miaka mitatu ukiisha, nyumba ni ya kupanga vilevile, na meza za kuchapia ni za kuazima vilevile. Ningekuwa na uwezo wa kumwambia kila balozi jambo moja, ningemwambia: msitulipie tamasha, tulipieni kiwanja.

Kaka wa Mburahati umenifungua kuhusu kazi ya kila siku. Naliongeza kwenye ushauri wangu: chumba kimoja kati ya vile kiwe cha kurekodia kwa malipo.

Kwa Kasuku: tusiuhukumu muziki huu kwa yule wa koleo. Joseph Kamaru, anayejiita KMRU, mjukuu wa yule mwanamuziki Joseph Kamaru tunayemjua sote, alitoa Peel mwaka 2020 na sasa dunia nzima ya watu wa muziki huo inamsikiliza. Kazi yake inaanza kwa kutembea na kinasa sauti: upepo, mtaa, sauti za ndani ya nyaya za umeme ambazo sikio tupu halisikii. Mwaka 2022 alitengeneza kazi kutokana na sauti za Waafrika zilizorekodiwa zamani na kuhifadhiwa kwenye makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Alichukua sauti za watu wetu zilizofungiwa kule kabatini akazitoa hadharani. Huo mimi siuiti mchezo wa matajiri. Na kulikuwa na Duma, wale wawili waliotokea kwenye muziki wa metali wa Nairobi, walipiga kitu kizito mpaka kifua kinatetemeka. Watu wa namna hii wote wanahitaji ukumbi, na ukumbi wa kawaida hauwapi tarehe kwa sababu hawauzi bia.

Fundi Spika, Thika

Nimefunga mitambo makanisani, kwenye harusi na kwenye kumbi ndogo miaka mingi, na sehemu hii ya kelele mnaipita haraka mno. Kodi inaweza kuwa imelipwa yote na bado mkafukuzwa kwa besi.

Kwanza, sahauni trei za mayai. Kila studio changa naikuta imebandika trei za mayai ukutani. Hazizuii sauti kutoka nje. Zinapunguza kidogo mwangwi wa sauti za juu basi, na zikishika moto ni balaa. Kinachozuia sauti ni uzito. Ukuta wa mawe ya kuchonga mzuri, ukuta wa udongo mnene mzuri zaidi, mabati ni adui. Bati likipigwa na besi linatetemeka na lenyewe linakuwa spika ya pili, jirani anasikia vizuri kuliko aliyemo ndani.

Pili, sauti inapita kwenye tundu kama maji. Mlango mwepesi wenye nafasi chini unavuja karibu yote mliyozuia kwa ukuta. Mlango mzito, raba pembeni, na kizingiti kilichozibwa vinafaa kuliko sponji ya laki.

Tatu, msiweke spika ya besi moja kwa moja sakafuni. Sakafu inapeleka mtetemo hadi chumba cha jirani. Iweke juu ya raba nene, hata vipande vya tairi kuukuu vinasaidia. Mapazia mazito na mablanketi ya mitumba yatundikeni nafasi ya kiganja kutoka ukutani, yasigandane nao. Mwangwi ndani utatulia na hamtahitaji kupandisha sauti.

Nne, huu muziki wa majaribio sehemu kubwa si wa kelele. Nilifunga mitambo kwa kijana mmoja aliyepiga sauti ya chini kabisa kwa nusu saa nzima, watu wamekaa kwenye mikeka. Alichotaka ni kimya. Friji ya soda ilikuwa inanguruma kuliko yeye, tukaizima. Kwa hiyo chagueni nyumba pia kwa kuangalia jirani atawasumbua vipi nyinyi. Jirani akiwa na mashine ya kuchomelea, rekodi zenu zote zitakuwa na mashine ya kuchomelea.

Na kwa Kenya kuna kanuni za kelele za mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira. Kwenye mtaa wa makazi usiku mnabanwa vikali. Anzeni saa nane mchana, malizeni mapema, na shughuli kubwa ombeni kibali kabla. Muwaalike majirani siku ya kwanza kabisa, kabla ya mtu mwingine yeyote, muwape namba ya simu ya kupiga sauti ikizidi. Jirani mwenye namba yako hapigii polisi.

Kasuku wa Nakuru

Fundi, hii ndiyo michango ya kusomeka. Nimeelimika.

Jirani wa Lunga Lunga, nimezitafuta picha za vile visu. Nimesimama kweli.

Mjenzi wa Makindye, Kampala

Ndugu zangu, nimesoma uzi wote. Brashi Kavu anasema tulipieni kiwanja. Kampala jambo hilo limefanyika.

Kituo cha wasanii cha 32° East kilianza Kansanga na makontena kama ya Nafasi. Wasanii walipata karakana, maktaba ndogo, na kila baada ya muda tamasha la KLA ART linatoa kazi za sanaa mtaani. Lakini walikuwa wapangaji. Wakaamua kutafuta fedha za ardhi, wakapata kiwanja Kabalagala na kujenga kituo chao. Mimi ni mtu wa ujenzi, nitawaambia kilichonifurahisha: udongo uliochimbwa palepale kwenye kiwanja ndio uliogeuzwa matofali. Kiwanja kina mteremko, jengo limefuata mteremko, hawakuulazimisha uwe tambarare. Fundi Spika akija atazipenda kuta zile, ni nene na baridi.

Haikuwa kazi ya mwaka mmoja. Ilijengwa kwa awamu, kadiri fedha zilivyopatikana. Kuna watu walichoka njiani. Lakini leo mtu akitaka kuwafukuza itabidi aje na hati.

Upande wa muziki Kampala tulikwenda njia nyingine. Nyege Nyege walikuwa na nyumba ambamo wanamuziki wanalala, wanakula na kurekodi. Mtu anatoka Dar au Nairobi, anakaa wiki kadhaa, anaondoka na albamu. Tamasha lao la Jinja, lililoanza 2015, mwaka 2018 waziri wa maadili alitangaza kulipiga marufuku, baadaye likaruhusiwa. Jifunzeni hapo: jambo la hadhara linaweza kufungwa kwa tamko la asubuhi moja. Nyumba yenye watu wanaofanya kazi kimyakimya kila siku ni ngumu zaidi kuifunga.

Mwana wa Katuba, Lubumbashi

Jambo yenu bote.

Kwetu Katanga hatukuwa na ukumbi kabisa, tukaanza na tamasha. Sammy Baloji, Patrick Mudekereza na wenzao waliunda Picha na mwaka 2008 wakafanya maonyesho ya picha na video mjini, ambayo yakawa ya kila baada ya miaka miwili. Picha zilitundikwa mahali watu wanapopita. Wazee waliofanya kazi kwenye kampuni ya migodi ya Gécamines walisimama mbele ya picha za migodi yao wakaanza kusimulia, na masimulizi yakawa sehemu ya kazi. Baadaye kikazaliwa kituo cha Waza.

Nilitaka kugusia mfuko mmoja wa wafadhili. Waza na 32° East wamo kwenye mtandao mmoja na ruangrupa, kikundi cha wasanii wa Jakarta, unaitwa Arts Collaboratory. Fedha zake zilitoka Uholanzi, ila wanachama walifika mahali wakaanza kukaa wenyewe na kuamua zigawanywe vipi. Ruangrupa ndio walioandaa documenta ya 2022 ambayo Wajukuu walikwenda, na walichopeleka Ujerumani ni utaratibu wa ghala la mpunga la kijiji: kila mtu analeta ziada yake, na kijiji kinakaa kuamua itumike wapi. Kwa watu waliozoea kuchangiana msiba na harusi jambo hilo si geni. Ugumu uko kwenye kukaa. Mikutano ni mirefu, mnabishana kwa siku nzima juu ya bei ya jenereta. Hao vijana wajue kwamba kuendesha nyumba pamoja kunakula muda wa kuchora. Anayekuambia sivyo hajawahi kuendesha.

Mweka Hazina, Nairobi

Nimekuwa mhasibu wa kikundi kimoja cha wasanii hapa mjini, sitakitaja. Tulipanga nyumba kwa maneno ya mdomo. Tukaweka taa, tukapiga plasta, tukajenga banda la kuchomelea nyuma. Mahali palipopendeza, kodi ikapandishwa karibu mara mbili. Tulikuwa tumemkarabatia mtu nyumba yake kwa fedha zetu. Tulihama na taa tu.

Kwa hiyo hao vijana wapeni haya, na wayasome wakiwa wametulia.

Mjisajili kwanza. Kenya ina sheria ya 2022 ya usajili wa vikundi vya kijamii, inawafaa. Kikundi kikiwa na cheti, mkataba na akaunti ya benki vinaandikwa jina la kikundi. Mkataba ukiwa jina la rafiki yenu mwenye kazi ya ofisini, siku mkikosana naye hamna nyumba.

Mkataba uwe wa maandishi, na ndani yake kiandikwe kiwango cha kupandisha kodi, nani anamiliki marekebisho mtakayofanya, na kwamba mnaruhusiwa kufanya maonyesho na muziki. Hilo la mwisho watu hulificha wakidhani mwenye nyumba atakataa. Akikataa leo ni nafuu kuliko akikataa baada ya kununua spika. Sura ya 301 ya sheria za Kenya inawalinda wapangaji wa maduka na biashara za huduma, mwenye nyumba lazima atoe notisi isiyopungua miezi miwili na mnaweza kwenda kwenye baraza la kodi. Lakini karakana isiyouza chochote mlangoni inaweza kubishaniwa kama inahesabika. Hiyo ni sababu nyingine ya kufuata ushauri wa kaka wa Mburahati: muwe na huduma inayolipiwa, yenye risiti.

Mfuko: kila kazi inayouzwa ndani ya nyumba, asilimia ishirini iende kwenye mfuko wa kodi, na mfuko usiguswe kwa kitu kingine mpaka uwe na kodi ya miezi sita. Wenye majina makubwa watalalamika kwamba wao ndio wanaouza. Wataje hilo siku ya kuandika katiba, wasilitaje siku ya kuuza. Anayepiga muziki hauzi turubai, kwa hiyo mchango wake uhesabiwe kwa kiingilio na kwa saa za kurekodi anazosimamia. Tusipolitatua hili mapema, watu wa muziki wanaanza kuonekana wageni kwenye nyumba yao wenyewe. Nimeliona likitokea.

Na vitabu vya hesabu viwekwe mahali kila mwanachama anaweza kuvifungua. Viwekwe hapohapo mezani, karibu na birika.

Dada wa Mikocheni, Dar es Salaam

Mweka Hazina, hapo umemaliza kazi ya warsha nzima. Nitaongeza moja tu kuhusu wasichana. Nyumba hizi zikianzishwa na marafiki wa kiume watupu, mwanamke anakuja kama mgeni wa hafla. Usiku akitaka kubaki kumalizia kazi, hakuna chumba chenye kitasa wala choo cha kuaminika. Hilo nalo liingie kwenye bajeti ya mwanzo kabla ya mikseri na projekta.

Jirani wa Lunga Lunga

Dada, limepita bila kupingwa.

Brashi Kavu (mleta uzi)

Asanteni sana. Nimenakili mchango wa Fundi Spika, wa Mweka Hazina na wa Dada wa Mikocheni na kuwatumia vijana wote kwenye kundi lao. Kuna nyumba mbili wanazoziangalia. Moja ni nzuri, ina sebule kubwa, ila paa lake ni bati tupu bila dari na nyuma kuna karakana ya magari. Nyingine ni ndogo, ya mawe, mwenyewe ni mama mjane anayetaka mpangaji wa muda mrefu na yuko tayari kuandikiana miaka mitano. Nimewaambia waende kwa huyo mama kesho asubuhi, wamweleze habari ya muziki kabla ya kitu kingine, na wamwalike asikilize.

Mweka Hazina, kama una nakala ya katiba ya kikundi ambayo imeshatumika na ikafanya kazi, naomba unitumie inbox. Majina futa.

Mweka Hazina, Nairobi

Ninayo. Kipengele cha kugawana vifaa kikundi kikivunjika nakiandika upya usiku huu, kile cha zamani kilikuwa na mwanya. Utaipata kabla hawajaenda kwa huyo mama.